Pumzi Juu ya Nondo

"Ni yuleyule," mtafiti alijisemea, jicho kwenye hadubini. Alingoja uchungu. Haukuja.

Nondo mwenyewe hazidi punje ya mchele. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, akitafuna na kuacha njia nyeupe iliyojipindapinda. Binti wa mtafiti alipenda kuzifuata njia hizo kwa ukucha. Mtoto alipofariki, mama akampa nondo huyo jina lake, na vitabu vikalipokea.

Leo, kwenye droo kuukuu ya makumbusho, kumbe yupo nondo wa aina ileile, aliyepewa jina jingine miaka mia iliyopita. Kanuni haina huruma: jina la kwanza ndilo jina. La bintiye litafutwa. Na ushahidi ni huyu mmoja tu.

"Dada, umepata kitu?" mwenzake aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, kaka. Nenda ukale, nakuja."

Nondo wa zamani alikuwa amechomoka kwenye pini iliyomshikilia, amelala juu ya kikaratasi, mkavu kama jivu. Humu ndani hata mwenye chafya hukimbilia nje.

Akainua kikaratasi hadi midomoni, kama mtu anayetaka kupoza chai.

Akavuta pumzi.