Asante, Ombi Limepokelewa

Katika mji wetu kila kitu huombwa: maji, gesi, lango la shule lifunguke, hata simu iunganishwe. Tangu jana kazi yangu ni kuupima mfumo unaopokea maombi hayo. Naupelekea maombi elfu thelathini ya watu wa kubuni kwa mpigo, nione kama utazidiwa. Kila ombi langu la kubuni husafiri likiwa limegeuzwa alama na tarakimu, na mwishoni hubeba neno "jaribio". Mfumo hulijibu kwa adabu, kisha hulitupa.

Leo asubuhi mume wangu aliniita jikoni.

"Mama Dama, hili bomba linanishukuru tu. Maji siyaoni."

"Umeomba vizuri?"

"Nimeomba kama siku zote."

Sikumwamini, ana mkono wa kuchokoachokoa vifaa. Nikalifungua ombi lake kwenye kompyuta, nikazirudisha zile alama kuwa maneno. Jina lake, nyumba yetu, ndoo mbili. Mwishoni: jaribio.

Hapo nikakumbuka. Jana, kwa uvivu, nilichukua ombi la nyumbani kwetu liwe kielelezo cha watu wangu wote wa kubuni, na sikuitoa nyumba yetu kwenye orodha yao; sasa mfumo unatuhesabu sisi pia watu wa kubuni.

"Dama ameingia shuleni?" nikauliza.

"Nilimwacha langoni. Lilimshukuru, nikaondoka."

Nikampigia mwalimu wake. Alipokea kabla simu haijaita, na sauti ilikuwa yake kabisa, na kile kikohozi chake kidogo.

"Mwalimu, Dama yuko darasani?"

"Asante, Mama Dama," akasema. "Ombi limepokelewa."