Chumba cha Uani

Bi Mwanakombo aliingia na godoro kichwani, hata hodi yake hakungoja ijibiwe. Jana tu alikuwa ametoka eda ya mumewe, na huku ndiko alikokuja kwanza.

"Nasra mwanangu, chumba changu nakitaka. Leo leo."

Nasra alikuwa anakanda unga wa maandazi. Mikono ikasimama ndani ya beseni. "Leo, bibi? Si tuliandikiana mpaka mwaka uishe? Mimi na wanangu twende wapi?"

"Mkataba naujua, niliuandikisha mwenyewe." Akalitua godoro, akalitandika palepale chini, akajilaza na buibui lake. "Nendeni kule."

Alinyoosha kidole dirishani, kwenye nyumba kubwa ng'ambo ya ua, aliyoishi na marehemu.

"Kule kwako?"

"Kodi ileile. Mlango uko wazi."

Nasra alimtazama asielewe. Anafukuzwa, au anapewa? Na kesho bibi akibadili mawazo, yeye na watoto watarudi wapi?

"Bibi, una homa?"

"Homa unayo wewe! Wanao wana makelele. Wapeleke wakapige kelele mle ndani." Akageukia ukutani.

Nasra akavuka ua na mtoto mgongoni. Mlangoni pa nyumba kubwa palikuwa na makubadhi ya marehemu, yamefutwa vumbi, yamepangwa yakaelekea nje. Aliinua mguu, akabaki hivyo hivyo, hajui ayaruke au ayasogeze.