Mbuzi Kwenye Buti

Sheria inataka kila aliyeumia kichwa kwenye ajali ya gari avae kikumbushi nyuma ya sikio, kimnong'oneze yale anayoyasahau kila mara. Kwa mke, mume ndiye hukijaza maneno. Changu husema, "Siku ile ulikuwa unakwenda kliniki."

Leo nilikuwa nakuna nazi, mbuzi ikawa inayumba.

"Wifi, mguu huu umevunjika lini?" nikamuuliza Mwanakheri, dada wa mume wangu.

"Kwenye ajali ile! Ilikuwa kwenye buti la gari, na masufuria yako yote." Mwanakheri alicheka, kisha akajiziba mdomo.

Kwetu mwanamke habebi mbuzi yake kwenda kliniki. Huibeba akimwacha mume.

Mume wangu Shaweji akaingia. "Mke wangu, lete sikio, nikiongezee maneno."

Nikainamisha kichwa. Nilijua nina sababu ya kukataa, ila sikuikumbuka.