Kiti cha Kilo Sitini

"—na ikatua majini kama bata, mama, halafu ikatoa magurudumu ikapanda mchangani yenyewe, na rubani ni nani? Damian!"

Kokushubila alikuwa hajatua hata mkoba. Alitoka Bukoba mjini mpaka Maruku nusu anatembea, nusu anakimbia, na sweta yake ya kijani ya chuo cha ualimu imefungwa kiunoni.

Mama yake aliendelea kumenya ndizi. Baba yake, Mzee Rugaibula, alikuwa mlangoni anashona mdomo wa gunia la kahawa. Wenzake walishona kwa kamba ya mkonge. Yeye alishona kwa uzi mwekundu, ili kahawa yake isichanganywe na ya mtu pale ushirika.

"Nilishasema," alisema bila kuinua kichwa. "Binti yangu haolewi na mtu ambaye chombo chake hakijaamua kama ni ndege au ni bata."

Ukweli ni kwamba hakumtaka Damian hata kabla ya hicho chombo. Damian alikuwa Mlutheri wa Kitendaguro, na mwaka jana alipoleta posa, mzee aliirudisha kabla chai haijapoa. Kijana akaenda zake Kisumu kutengeneza injini. Huko klabu ya watu wanaorusha vindege kwa kujifurahisha ikamfundisha urubani siku za mapumziko. Sasa klabu nzima ilikuwa inakuja Bukoba baada ya wiki tatu, vindege vitano, na yeye alitangulizwa kuangalia ufuko.

Hayo Kokushubila aliyasimulia yote. Lakini kuna moja alilibana: siku ya kurudi, kindege cha Damian kitakuwa na kiti kimoja wazi, na kiti hicho ni chake. Watavuka ziwa wafunge ndoa Kisumu, warudi mke na mume, tata, yaani baba yake, apende asipende.

Sharti lilikuwa moja tu, uzito. Damian alimpeleka kwenye mizani ya ushirika, karani akasogeza chuma cha mizani, akasoma hamsini na sita.

"Bado kilo nne uwe gunia la kahawa safi," karani alisema, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Damian hakucheka. Alimweleza kwamba chombo kama kile hakitoki majini kwa kubahatisha. Yeye ameshakipigia hesabu ya abiria wa kilo sitini, na orodha ya abiria lazima iwe hivyohivyo. "Kula, mpenzi," alimwambia. "Nataka uwe sitini kamili." Kokushubila alirudi nyumbani anajichekea. Wenzake chuoni waliambiwa na wachumba wao wapungue.

Basi akala. Akala ndizi na maharage, akala ndizi na samaki, akala kiporo asubuhi. Na ajabu, tata yake, ambaye hakutaka kusikia habari za Damian, ndiye aliyekuwa akimhimiza mama, "Mwongeze. Atarudi chuoni amekonda, watasema kwangu kuna njaa." Jioni moja alimuuliza kama mzaha amefika kilo ngapi. Kokushubila akajibu hamsini na nane, akaona haya, akafikiri pengine moyo wa mzee umeanza kulainika.

Vindege vikaja. Mji mzima ulihamia ufukweni, shule zikafungwa bila amri ya mtu. Ijumaa Kokushubila alipanda mizani, chuma kikatulia kwenye sitini, karani akaliandika jina lake kwenye orodha ya abiria.

Orodha ilikuwa ya afisa mmoja aliyeletwa kuhakikisha kahawa haivuki ziwa. Miaka ile kahawa yote ilikuwa ya kuuzwa ushirika tu, ingawa ng'ambo bei ilikuwa nzuri zaidi, na aliyeivusha alifungwa. Mizigo ya mitumbwi yote afisa aliichoma kwa fimbo ya chuma, gunia kwa gunia. Vindege hakuvichoma. Kila kiti kilikuwa na jina na kilo.

"Kesho saa nne," Damian alimwambia. "Njoo mikono mitupu, tata asishtuke. Nipe sweta na kitambaa chako cha kichwa nivitangulize."

Akampa.

Jumamosi, kabla hata ya saa tatu na nusu, alikuwa ameshafika. Vindege vinne vilikuwa vimeondoka. Cha tano kilikuwa kinakata maji, mgongo wa Damian mbele, na kwenye kiti cha pili alikaa mtu mnene kidogo, amevaa sweta ya kijani na kitambaa cha njano.

Mwanamke mwingine. Kokushubila akaanza kulia. Kamnenepesha yeye, kampakia mwingine, tena kwa nguo zake.

Kindege kikainuka. Upepo ukakipokonya kitambaa, kikapeperuka kuelekea majini. Chini yake hapakuwa na nywele wala uso. Palikuwa na masikio mawili ya gunia, na kati yake mshono wa uzi mwekundu.

Tata ameibiwa, ndiyo fikra iliyomjia.

"Wewe dada, unalia nini?" Afisa alikuwa amesimama na orodha yake. "Unaitwa nani?"

Akafungua mdomo. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ile, kilo sitini, ameshapanda. Akilitaja tu, Damian anakwenda jela. Na akaona kwamba angependa kulitaja.

Mkono ukamshika bega kwa nyuma.

"Huyu ni mdogo wake Kokushubila, afande," alisema Mzee Rugaibula. "Anamlilia dada yake."

Afisa akapiga alama kwenye orodha, akaenda zake. Mzee alikuwa anakifuata kindege kwa macho, mpaka kikawa kama senene juu ya ziwa. Kwenye ukosi wa koti lake ilikuwa imechomekwa sindano ya magunia, na mkia wa uzi mwekundu.

"Twende nyumbani, mwanangu, mama yako amepika," alisema. "Mengine nitakuambia kesho."