Yago Lililovaa Shati

Mama Zilpah hakulia, na hilo ndilo lililomsumbua Mwalimu Mayaka. Alisimama mbele ya kabati la vioo akilitazama yago, tunda kavu la mvungunya, lililofungwa kwa shati la samawati, macho makavu kabisa.

"Hii kifungo nyekundu nilishona mimi," alisema. "Shati ni ya mtoto wangu, Byron."

Mayaka alikohoa. Tangu astaafu ualimu, nyumba yake ya Homa Bay ilikuwa imejaa vitu vya kale: kengele ya meli iliyozama, vipande vya mti ambavyo wazee wa Kikuria walivaa masikioni, kinubi kisicho na nyuzi. Kila asubuhi alivipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa laini, kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuonja. Wanasema tamaa mbele, mauti nyuma. Ya Mayaka ilikuwa imemnenepesha.

Kilichowavuta wageni zaidi ni yago. Aliwaeleza kwa sauti ya darasani kwamba Mjaluo akizama ziwani na maiti isipatikane, watu wake huchuma tunda hili refu, zito, wakalivika nguo yake na kulizika badala yake. Likishazikwa, mtu huyo amekufa, basi. Ziwa lilipofurika na kumega makaburi ya kisiwa cha Mfangano, mvuvi mmoja alimletea hilo. Mayaka hakuuliza ni la nani.

"Pole sana, mama," alisema sasa. "Lakini hapa limetunzwa vizuri kuliko kule mchangani."

"Sikuja kugombana, Mwalimu. Wazee wananingoja nyumbani. Wanataka hii yenyewe, si ingine."

Akafungua leso aliyokuja nayo, na moyo wa Mayaka ukaruka. Kigoda cha marehemu mumewe! Miguu mitatu, shanga zimepandwa ukingoni. Mara ngapi alituma watu kisiwani wambembeleze mama akiuze, wakarudi mikono mitupu kwa sababu kigoda hicho hurithiwa na mwana, hakiuzwi.

"Chukua hii, unipe hiyo."

"Na urithi, mama?"

"Atachonga ingine."

Mayaka hakuuliza nani. Uchungu huvuruga akili, alijiambia, akamwonea huruma kidogo.

Akachungulia dirishani. Mwanamume aliyemleta mama alikuwa bado amesimama nje ya ua, juani, kando ya pikipiki.

"Mwambie mtu wako wa boda aingie anywe maji."

"Hataingia. Amezoea kukaa nje."

Mayaka alilibeba yago hadi chumba cha nyuma, eti akalifunge vizuri kwa safari. Huko alikuwa na yago jingine aliloliokota chini ya mti kando ya barabara ya Oyugis, likakauka. Akayapima mikononi. Hakuna ambaye angeyatofautisha. Shati mama angelitambua, kwa hiyo akalihamishia kwenye hili la barabarani. Lile la kaburini akalisukuma chini ya meza na kulifunika gunia. Yeye ni Mkisii, na mila hizi alizipenda kama mtu anavyopenda hadithi za kuwasimulia wageni. Wafu hawakagui mizigo. Kijana aliyeliwa na samaki atamdai nini? Aibu ilimjia, akaingoja ipite, ikapita.

Mama Zilpah alilipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo midomo yake ilipoanza kutetemeka.

"Erokamano, Mwalimu. Mungu akubariki, wewe na watoto wako. Hujui ni nini umenipa."

"Ni wajibu wangu, mama. Nenda salama."

Alipotoka, Mayaka alikiweka kigoda mahali pa mwanga, akakizunguka, akapitisha kidole juu ya shanga. Hakuna hata moja iliyong'oka. Hatimaye akakikalia, akacheka peke yake kwa furaha.

Kupitia dirisha alimsikia mama akimwita yule mwanamume wa pikipiki, na sasa alikuwa akilia kwa sauti.

"Byron! Byron, wuoda, mwanangu, nimeipata! Wazee wamesema yenyewe ikichomwa tu, utavuka lango uingie kwetu kama mtu hai."