Uzito Unaocheka

Jirani yangu Mama Atupele aliniambia amesikia kwamba waliofaulu kwenye mashine ya kupimia nguvu ndio wanaoangusha wagonjwa. Neno hilo halikunitoka kichwani. Lakini ningefanyaje? Siku hizi asiyeweza kunyanyua kutoka sakafuni chuma chenye uzito wa mgonjwa wake, ananyang'anywa mgonjwa na serikali.

Binti yangu Tumpe alijizoeza kwenye mashine ya kata, ambayo chuma chake hupanda na kushuka kwenye reli bila kuyumba. Vyuma visivyo na reli vimepigwa marufuku. Taa ya kijani ikawaka, tukarudishiwa bibi yake aliyepooza.

Asubuhi Tumpe akamwinua kitandani.

"Taratibu, mke mwenzangu! Ukiniangusha, mume wetu utamjibu nini?"

"Nitamwambia umenenepa."

Bibi akacheka, mwili ukayumba. Mgongo wa Tumpe haukuwahi kubeba kitu kinachoyumba. Walianguka pamoja. Bibi tulimzika. Tumpe hasimami tena, na kesho napimwa mimi, kwa uzito wake, kwenye mashine ileile.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:
Kuiamini taa ya kijani.
Kumzoeza mtoto chuma cha reli tu, hata gunia asiguse.
Kumbeba mtu peke yako.
Kumchekesha anayebebwa. Tumpe nimeshamkataza kucheka.