Rangi ya Amri

Kompyuta ilikosea tena. Kwenye video, ilimpaka Mwamina rangi nyekundu, na mwanawe Amri, aliyefungwa mgongoni kwa kitenge, ikampaka nyekundu hiyo hiyo.

"Samahani, Mama Amri," alisema mwalimu Elineema. "Programu yangu bado ina kasoro."

Aliitunga mwenyewe chuoni Dar es Salaam, kabla ya kupangiwa Nachingwea. Kazi yake ni kutenganisha vinavyotembea ndani ya video: kila chenye mwendo wake hupewa rangi yake, na vinavyokwenda pamoja hupewa rangi moja. Mwenyekiti wa kijiji alimletea video ya sherehe ya kuwatoa vijana jandoni kule Naipingo, akamtuma na Mwamina aje amwoneshe alipo kwenye picha. Uwanja ulikuwa umefurika, vumbi na vitenge tupu. Kwa macho tu usingeambulia kitu.

Mwamina alisema alimpa bibi Biasha mtoto amshikie ili yeye aingie ngomani. Aliporudi, mtoto hayupo. Biasha aliapa hakupokea mtoto. Mjane, mzee, hana mtu. Ikatosha kuitwa mchawi. Nyumba yake ilishachomwa, na vijana walikuwa wakimsubiri atoke mahabusu wammalize.

Elineema alimwonea mama huyu huruma mpaka machozi yakamlenga. Za mwizi ni arobaini, alijisemea. Rangi ya mtoto ikihama kwa mama kwenda kwa Biasha, kikongwe hana pa kujificha.

"Au mtoto alikuwa amelala?" aliuliza.

"Hakulala hata kidogo, mwalimu. Kila ngoma ikilia, anarusha miguu. Mpaka mgongo ukaniuma," alijibu Mwamina huku akilia.

Basi programu ndiyo mbovu. Ili aijue kasoro yenyewe, Elineema aliijaribu kwa wanawake wengine waliobeba watoto. Makrina alitoka kijani, mwanawe njano. Kulthumu bluu, mwanawe zambarau. Hata kichanga cha Swaumu, kilichofunikwa gubigubi kwa ajili ya jua, kilipata rangi yake kwa kupiga teke tu.

Akairudisha video mwanzo, Mwamina anaingia uwanjani. Nyekundu. Akaipeleka mbele, ngoma imepamba moto, Mwamina anatazama pembeni, kitenge bado mgongoni. Nyekundu tupu, mama na mgongo wake.

Akaisimamisha video. Nyuma yake Mwamina alikuwa ameacha kulia.

"Mama Amri," alisema bila kugeuka, "siku ile ulibeba nini?"